Si Kweli Kuwa Moshi Huhama Tu

Yako madai yaliyoenea sana hapa Lubumbashi, katika ofisi za katikati ya mji kama katika kantini za viwanda, nayo aghalabu husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi: ya kwamba kumkataza mfanyakazi kuvuta sigara mahali pa kazi ni kujisumbua bure, kwa kuwa mvutaji hapunguzi hata moja, ama atatoka nje ya lango akavute huko, ama atastahimili mpaka jioni, kisha afike kwake Katuba au Ruashi ajilipe yote aliyonyimwa mchana, mbele ya mkewe na watoto wake. Kwa rai hii katazo haliondoi moshi bali huuhamisha, na aliyelitunga hakufanya lolote ila kumuudhi mtu mzima na kuwapa walinzi wa lango jambo la kugombania. Wanaoisema ni wengi, wala hawaisemi kwa ubaya. Lakini wingi wa wasemaji haukupata kuwa burhani, na mimi naona rai hii ni ya uwongo, tena ni uwongo wenye watu wanaoufaidi.

Insafu yataka tuseme kwanza ilikotoka. Kongo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, mwaka ule ule mkataba wenyewe ulipoanza kutumika, na kifungu chake cha 8 kinazitaka serikali zilizouridhia ziwakinge watu na moshi wa tumbaku ndani ya mahali pa kazi, katika vyombo vya usafiri na katika majengo ya umma. Mwaka 2007 Waziri wa Afya akatoa amri ya kuutekeleza. Baada ya hapo yakaja matangazo ya Kifaransa yaliyobandikwa kutani, na chini ya tangazo, mara nyingi, kisahani cha majivu kikabaki palepale kilipokuwa. Mkurugenzi akafunga mlango wa ofisi yake yenye mashine ya baridi akavuta kwa raha zake, na karani wa chumba cha pili akaambiwa atoke uani. Mtu aliyeyaona hayo kwa miaka akisema kwamba makatazo hayafai kitu, simlaumu kwa alichokiona. Namlaumu kwa hukumu aliyoitoa, maana mwenye kukikunja chandarua chake akakiweka juu ya kabati hana haki ya kushuhudia kuwa chandarua hakizuii mbu. Kilichoshindwa hapo ni katazo ambalo halikupata kutekelezwa hata siku moja.

Na kama ni ushahidi wa katazo lililotekelezwa, Katanga haina haja ya kuutafuta ng'ambo. Tangu kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na tanuru ya Lubumbashi ilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, pamekuwako katika nchi hii ya migodi mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti, si mweusi si mweupe, si kapita si mhandisi: ghala za baruti, vyumba vya kuchaji betri, vituo vya mafuta, na kiwanda cha baruti cha Afridex kule Likasi. Siku hizi imeongezeka mitambo ambayo shaba na kobalti hutenganishwa kwa kimiminika kilichochanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kisha shaba ikavutwa kwa umeme. Na katika mitambo hiyo cheche moja yatosha kuteketeza mali ya mamilioni na roho za watu. Mfanyakazi wa huko huacha kiberiti mlangoni. Hufanya zamu yake nzima bila moshi, leo na kesho na mwaka ujao, wala sijapata kusikia chama cha wafanyakazi kikidai kuwa uhuru wa mwanadamu umevunjwa mlangoni pa ghala ya baruti, wala daktari wa kampuni akiandika kuwa fulani ameugua kwa kukosa sigara. Basi lile neno la kwamba tabia ya mvutaji haikubali kufungwa na mahali, ya kwamba mwenye kiu hii lazima aikate saa ile ile, limekanushwa katika mkoa wetu kwa zaidi ya karne, na waliolikanusha ni wavutaji wenyewe.

Wapinzani wangu watajibu kuwa mfanyakazi yule hujizuia kwa hofu ya mlipuko, na kwamba jioni hulipiza. Hapa ndipo penye kiini cha madai yao, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu dhana ya kulipiza huonekana kuwa ya akili na kwa hiyo haichunguzwi. Hudhaniwa kuwa mwili wa mvutaji una hesabu ya siku, sigara kumi au kumi na tano, na kwamba zisipotimia mchana zitadaiwa usiku. Lakini mwili hauweki daftari la namna hiyo. Kinachotafutwa ni kiasi fulani cha nikotini katika damu kwa wakati ule, na nusu ya nikotini huondoka damuni kila baada ya saa mbili hivi. Kiasi hicho kikisharudi mahali pake jioni, kwa sigara mbili au tatu zilizofuatana, sigara ya nne hailipi deni la saa nne asubuhi bali huweza kumletea mwenyewe kichefuchefu na kizunguzungu. Saa za jioni nazo si nyingi kwa mtu aliyeamka alfajiri, akapanda taksi-basi mbili kufika kazini, na ambaye kesho ataamka vivyo hivyo. Sigara ambayo haikuvutwa asubuhi, kwa sehemu yake kubwa, haikuvutwa kabisa.

Tena uvutaji si nikotini peke yake. Ni mazoea yaliyoshikana na nyakati na vitu: kikombe cha chai, simu iliyokatwa kwa hasira, ripoti iliyomalizika, maneno ya mwenzi wa meza ya pili. Nje ya lango la karakana nyingi za mji huu yuko mama mwenye kisanduku cha mbao, na juu yake pakiti zilizofunguliwa, peremende, karanga katika vifuko vya nailoni, na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi ili kisiondoke na mteja. Sigara huuzwa moja moja. «Mama, unipe moya.» «Moya tu, papa?» Naye huchukua mbili. Mvutaji wa namna hii, na hapa kwetu ndiye aliye wengi, hana pakiti mfukoni. Idadi ya sigara zake ni idadi ya mara anazopita mbele ya kisanduku. Mruhusu kutoka kila apendapo, atapita mara nyingi. Mpe mapumziko yake ya halali na umwambie kuwa ndani hakuvutwi, atapita mara chache, wala zile alizozikosa hazikuwekwa akiba mahali popote. Nashangaa kuwa wale wasemao kuwa katazo hufaa kwa matajiri wa Ulaya peke yao hawajaliona jambo hili: mnunuzi wa moja moja ndiye ambaye tabia yake hutegemea zaidi umbali wa hatua kati ya kiti chake na muuzaji.

Hayo ni mantiki, na mantiki peke yake haitoshi. Kwa hiyo tuje kwenye vipimo. Mwaka 2002 Caroline Fichtenberg na Stanton Glantz, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, walikusanya tafiti 26 zilizofanywa katika mahali pa kazi pa Marekani, Australia, Kanada na Ujerumani, wakazipima kwa pamoja. Waliona kuwa mahali ambapo kuvuta kulikatazwa kabisa, wavutaji walipungua kwa karibu watu 4 katika kila wafanyakazi 100, na wale waliobaki wavutaji walipunguza takriban sigara 3 kwa siku. Hizo ni hesabu za siku nzima, usiku ukiwa ndani yake. Kama kulipiza kungekuwa kweli kama tunavyoambiwa, upungufu huo usingalionekana hata kidogo, kwa kuwa jioni ingalijaza kilichotolewa mchana.

Mwenye akili kali ataleta pingamizi nyingine, na ni pingamizi ya heshima: huenda wasiovuta ndio wanaopenda kuajiriwa mahali pasipovutwa, na hivyo katazo halikumbadili mtu bali liliwachuja watu. Swali hilo wachumi watatu wa Marekani, Evans, Farrelly na Montgomery, walilichukua kwa makusudi katika makala waliyoichapisha mwaka 1999. Wakaitafuta njia ya kuitenga athari ya katazo na athari ya uchaguzi wa kazi, na baada ya kazi hiyo yote wakabaki na upungufu wa wavutaji 5 katika kila wafanyakazi 100, na asilimia 10 ya sigara za kila siku kwa waliobaki. Waliona pia jambo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila mgodi wa Haut-Katanga: athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye saa nyingi za kazi katika wiki. Jambo hilo halina ajabu, kwani katazo hukamata saa, na mwenye saa nyingi hukamatwa zaidi. Watu wetu wa migodini, ambao wengi wao hufanya zamu za saa 12, wako mbali na karani wa Ulaya wa saa saba kwa siku, lakini wako mbali kwa upande unaonifaa mimi, si kwa upande unaowafaa wapinzani wangu.

Lakini shahidi wangu mkubwa si msomi wala daktari. Ni kampuni ya Philip Morris. Januari 1992 mtu wa kampuni hiyo aliandika ripoti ya ndani, isiyokusudiwa kusomwa na mimi wala na wewe, kuhusu athari za makatazo ya kazini katika mauzo ya sigara. Na ripoti hiyo, pamoja na mamilioni ya karatasi nyingine za makampuni ya tumbaku, ikaja kufichuka kwa sababu ya kesi zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1990. Inasema nini? Inasema kuwa wavutaji walio chini ya katazo kamili huvuta pungufu ya wenzao kwa asilimia 11 hadi 15, na kwamba huacha sigara kwa kiasi kinachozidi cha wengine kwa asilimia 84. Halafu inaongeza, kwa utulivu wa mfanyabiashara anayepanga hesabu yake, kuwa makatazo mepesi, yale ya kutenga chumba au pembe ya kuvutia, yana athari ndogo zaidi kwa mbali katika kuacha na karibu hayana athari katika kiasi cha kuvuta. Muuza sigara hana sababu ya kujidanganya katika daftari lake mwenyewe. Ikiwa yeye alijua tangu 1992 kuwa katazo kamili hupunguza, na kuwa chumba cha kuvutia hakipunguzi, basi yule asemaye leo katika baa ya Kamalondo kuwa moshi huhama tu anarudia maneno ambayo wenye mali hawakuyaamini wenyewe, ijapokuwa waliyapenda sana yaaminiwe.

Yabaki madai ya watoto, ambayo huniuma zaidi kwa kuwa huvaa vazi la huruma: ya kwamba baba akikatazwa kazini atawavutia watoto nyumbani. Uskoti ilikataza kuvuta ndani ya mahali pa kazi na pa umma Machi 2006, na watafiti wakapima mate ya watoto wa shule za msingi, kabla na baada, kutafuta kotinini, yaani alama inayobaki mwilini mwa aliyevuta hewa yenye moshi. Kwa watoto wasiovuta alama hiyo ilishuka kwa asilimia 39. Haikupanda. Nakiri kuwa wako waliopata jambo jingine: Jérôme Adda na Francesca Cornaglia, katika makala ya mwaka 2010, waliona kuwa huko Marekani makatazo ya mahali pa starehe, baa na mikahawa, yaliwasukuma wavutaji nyumbani na watoto wakadhurika. Siifichi makala hiyo, bali nauliza inahusu nini. Aliyefukuzwa baa aweza kuchagua kwenda kwake na chupa yake. Aliye kazini hachagui, hukaa palepale mpaka saa ya kutoka. Kulitumia jambo la baa kuhukumu karakana ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Sasa nitoe nisichoweza kukizuia kwa haki. Wako wavutaji ambao, wakipewa sigara chache, huzivuta kwa pumzi ndefu zaidi, na hivyo upungufu wa moshi kifuani mwao si mkubwa kama upungufu wa vijiti. Wanaoacha kabisa kwa sababu ya katazo ni wachache katika mia, si thelathini wala arobaini, na anayeahidi zaidi anadanganya. Tena watu wengi wa mji huu hawana mwajiri wa kuwakataza: wachimbaji wa mikono, wauzaji wa soko, waosha magari, mafundi wa barabarani. Kwao katazo la kazini halina mlango wa kuingilia, ila labda katika taksi-basi, ambamo abiria wenyewe wakimkemea dereva mara nyingi huizima sigara yake. Hayo ni mipaka ya dawa. Lakini sijaona daktari akiitupa dawa kwa kuwa haiwafikii wasiokuja hospitali.

Iko pingamizi moja ambayo wasomi hawaiandiki, nami nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika Lubumbashi, kwa kuwa haitoki katika hesabu bali katika kumbukumbu. Union Minière, na kampuni ya serikali ya Gécamines iliyoirithi tangu mwaka 1967, haikumwajiri mtu mikono tu. Ilimpa nyumba, poso, shule ya watoto, hospitali ya kujifungulia mkewe. Na pamoja na hayo ikaingia ndani ya nyumba ile, ikakagua usafi wake, ikawapima watoto wachanga uzito, ikamfundisha mke kupika na kushona. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameyaeleza mamlaka hayo ya kibaba katika kitabu chake cha mwaka 2001, na jinsi wana wa baba yule walivyojikuta wameachwa kampuni ilipoanguka. Mzee aliyelelewa hivyo, kisha akakaa miezi na miezi bila mshahara, akisikia leo kuwa kampuni inamkataza sigara kwa faida ya afya yake, hunusa mkono ule wa zamani, na husema: walipokuwa na nguvu walituamuru kila kitu, sasa hawana kitu cha kutupa ila amri. Namsikia. Ila namwomba atazame amri hii inaishia wapi. Ile ya zamani ilimfuata mtu mpaka jikoni kwake. Hii husimama langoni. Haimuulizi anavuta ngapi kwake, haimpimi, haimkati mshahara kwa tabia yake ya Jumapili. Yasema tu kuwa hewa ya chumba wanachokaa watu wanane kwa lazima si mali ya mmoja wao, na lau mtu mmoja katika wale wanane ni mja mzito, au ana kifua kilichokwisha kuharibiwa na vumbi la mawe, sidhani kuwa hoja yahitaji maneno zaidi.

Kwa sababu vumbi lipo. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven huko Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga waishio karibu na migodi na viwanda vya madini, wakakuta kobalti kwa viwango vya juu sana. Madini hayo huingia kwa hewa, kwa chakula, na kwa vidole. Na mfanyakazi anayeitoa sigara mfukoni kwa mkono uliotoka kushika mawe, akaitia mdomoni, akaivuta, hubeba kutoka mkono hadi kinywa kile ambacho barakoa yake ilikuwa imekizuia. Kwa mtu wa namna hiyo katazo la kuvuta kazini lina faida hata kama asingalipunguza sigara moja katika siku yake.

Kilichobaki ni namna ya kulifanya, na hapa sina upole. Chumba cha kuvutia kisijengwe. Kenya katika sheria yake ya mwaka 2007 iliacha nafasi ya mahali palipotengwa. Uganda mwaka 2015 haikuacha, bali ilikataza ndani ya mahali pa kazi na pa umma na kuongeza mita 50 kuzunguka, na papo hapo ikakataza kuuza sigara moja moja, na kwa hivyo ikakigusa hata kile kisanduku cha langoni. Sisi tunayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, ambayo imeagiza iwepo kamati ya usafi, usalama na urembeshaji wa mahali pa kazi. Kamati hizo, kwa nilivyoziona, zimeushika urembeshaji kwa bidii kubwa, maua yamepandwa na mawe yamepakwa chokaa, na mengine yamesubiri. Kamati hizo zianzie ghorofa ya juu. Kisahani cha majivu cha mkurugenzi kitoke kabla ya kiberiti cha kuli, na anayetaka kuvuta, awe nani awaye, ashuke ngazi, atoke langoni, asimame juani na wenzake katika saa ya mapumziko iliyoandikwa. Nao wajumbe wa wafanyakazi, wanapokaa mezani kudai mishahara, wasikubali kupewa ruhusa ya kuvuta badala ya nyongeza, maana ruhusa hiyo haimgharimu mwajiri hata faranga, na anayelipa ni yule karani wa chumba cha pili.